Maji Meupe Kwenye Beseni

Ilisemekana kuna mkulima kule chini mtoni ana mashamba mawili ya sukuma. Moja ni kubwa, linaanzia barabarani mpaka kwa maji, na hilo ni la kuuza. Lingine ni dogo, liko nyuma ya jikoni, limezungushiwa neti ya kuku, na hilo ni la kula yeye na watoto wake. Lile kubwa linapuliziwa dawa jioni, asubuhi watu wanakata, wanafunga mafungu, saa moja mboga ziko Kitengela. Lile dogo halijui dawa ni kitu gani.

Hakuna aliyemjua huyo mkulima kwa jina. Gathoni alisikia habari yake siku ya chama cha akina mama, kwa Elsie huku mtaa wa Noonkopir, wanawake wameketi kwa viti vya plastiki na chai mkononi.

"Kwa hivyo hali mboga yake?" Gathoni aliuliza.

"Ile ya mtoni hawezi kula," Elsie alisema. "Binamu yangu alienda kununua kwake, akamkuta anachuma ile ya nyuma ya jikoni. Akamwambia, hata mimi nitolee hiyo. Mzee akakataa. Akasema, hii si ya kuuza, mama, hii ni ya watu."

Wanawake wakacheka sana. Gathoni alishika kikombe chake tu. Hii ni ya watu. Na wao wanaonunua ni nini?

Neno hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Lilikaa naye jikoni akikata sukuma, likaingia naye kitandani. Mtoto wake Jackie, wa miaka minne, alikuwa anakula nyanya mbichi vile watoto wengine wanakula chungwa. Anauma, ananyonya, maji yanamtiririka mpaka kwa kiwiko, halafu anaomba nyingine. Kabla ya siku ya chama Gathoni alikuwa anaona ni jambo zuri, mtoto anapenda kitu cha afya. Sasa kila akimwona na nyanya mdomoni, moyo unamruka.

Elsie ndiye aliyempa njia. Maji ya vuguvugu, chumvi vijiko viwili, unaloweka robo saa, halafu unasuuza. "Lakini si kwa sufuria. Tafuta kitu kikubwa, mboga zielee. Ingekuwa tuko na maji ya bomba ungeosha tu ikitiririka, lakini hapa bomba ya nani?"

Hapo alisema kweli. Maji ya bomba Noonkopir huja siku yakipenda, na yakija ni ya chumvi. Maji ya kupika yananunuliwa kwa mtungi, kutoka kwa mkokoteni. Mtu anayenunua maji kwa mtungi hawezi kuosha nyanya yakitiririka chini.

*

Munyiva alikuwa na kibanda pale kona, karibu na mahali mkokoteni wa maji husimama. Mwaka wa sita sasa Gathoni alikuwa ananunua kwake, na Munyiva alikuwa anajua mpaka Jackie anapenda nyanya gani, zile ngumu kidogo zenye mabega ya kijani. Kila mara alikuwa anamwongezea moja. "Hii ni ya mtoto," anasema, anaitupa kwa mfuko.

Lakini wiki hiyo Gathoni alisimama hapo akiinua nyanya moja moja mpaka puani.

"Leo ni nini, Mama Jackie?" Munyiva alisema. "Unanusa nyanya zangu kama polisi na mbwa wake."

"Nauliza tu. Zimetoka wapi?"

"Sokoni."

"Na kabla ya soko?"

"Kabla ya soko zilikuwa kwa mti wake." Wateja wawili wakacheka. Munyiva naye akacheka, halafu akaona Gathoni hatanii. Akashusha sauti. "Wewe unaniuliza kitu ambacho hata mimi sijui. Mimi nafika saa kumi na moja, nanunua kreti, narudi. Mwenye shamba simuoni."

"Na hii unga nyeupe kwa jani?"

"Ni vumbi ama ni dawa. Si unaosha? Miaka yote si umekuwa ukiosha?"

Gathoni alinunua, na Munyiva akatupa ile moja ya mtoto kwa mfuko kama kawaida. Njiani Gathoni aliitoa, akaiangalia, akairusha kwa mtaro.

*

Mume wake Ngigi alikuwa anaendesha pikapu ya kubeba mbuzi. Siku za soko anaenda Bisil, anapakia mbuzi za mfanyabiashara mmoja anaitwa Bulle, analeta Kitengela kwa machinjio. Gathoni alimwambia anataka kitu kikubwa cha kulowekea mboga, beseni za dukani ni nyembamba na zinapasuka. Jumatatu Ngigi akarudi na mtungi wa lita ishirini, ule mzito, plastiki ya kisawasawa.

"Ulinunua?"

"Bulle alinipa. Nilikuwa nimeuomba wa kuoshea gari. Lakini gari inaweza ngoja." Alikuwa amefurahi, kama mtu aliyeleta nyama nyumbani. "Nikate upande mmoja, utakuwa na beseni ya kudumu miaka kumi."

"Ulikuwa na nini?"

"Sijui. Vitu zao za mbuzi. Alisema tu si ya maji ya kunywa."

"Sisi hatunywi. Tunaosha."

"Si ndio hapo."

Wakaridhika wote wawili. Ngigi aliusugua kwa sabuni ya unga na changarawe, akaumwagia maji mara tatu, na mara tatu ni maji mengi huku Noonkopir. Akaulaza, akapasha kisu moto kwa jiko, akakata ubavu wote. Ule mkono wa kushikia akauacha, ili beseni iwe rahisi kubeba. Ilitoka kitu safi, nyeupe ndani, hata majirani wakaisifu. Hakuna aliyefikiria kwamba mkono wa mtungi una uwazi ndani, kama mfupa, na changarawe haifiki huko.

Jumanne saa tisa Gathoni alichemsha maji, akapoza kidogo, akamwaga, akatia chumvi. Akazamisha nyanya kumi na mafungu mawili ya sukuma. Akakaa kwa kigoda kungoja.

Haikufika dakika tano. Ilianza upande mmoja, pale karibu na mkono, kama mtu ametia kijiko cha maziwa kwa chai ya rangi. Weupe ukatambaa chini ya majani, ukapanda, ukazunguka nyanya. Harufu ikatoka, kali, kama mafuta ya taa na kitu kingine ambacho hakukijua. Gathoni alisimama, mikono kichwani. Hii ndiyo amekuwa akimlisha mtoto. Miaka yote minne.

Alimwita Dolphine, msichana msusi wa mlango wa tatu. Dolphine akaja na kitana kwa nywele.

"Mambo ni mbaya," Dolphine alisema. "Hiyo yote imetoka kwa nyanya?"

"Nyanya na sukuma. Unasikia harufu?"

"Ngoja, usimwage. Nichukue video. Rudi hapo, shika nyanya moja, sema."

"Niseme nini?"

"Sema vile umeniambia. Sema ulinunua wapi."

"Kwa Munyiva, pale kona."

"Sema kwa nguvu, Mama Jackie, simu haisikii mtu akinong'ona."

Akasema kwa nguvu. Alisema jina la Munyiva mara mbili, na mahali kibanda kiko, na vile maji yamegeuka meupe. Alisema wamama wenzangu, tunaua watoto wetu na mikono yetu wenyewe. Kabla chai ya saa kumi haijaiva, video ilikuwa kwa grupu ya wapangaji wa ploti, ya chama, ya kanisa, na ya wazazi wa shule.

Zile nyanya Gathoni aliona dawa imeshatoka, akazisuuza kwa kopo moja la maji, akazipika muda mrefu sana. Usiku Jackie aliharisha kidogo. Gathoni akasema, unaona, bado kuna dawa ilibaki ndani.

*

Asubuhi kona ilikuwa imejaa. Gathoni alisimama mbali, upande wa pili wa barabara, leso imefunika mdomo. Wanawake walikuwa wamerudisha mboga za jana. Mmoja alizimwaga juu ya meza, zikabingirika mpaka chini.

"Mimi ndio nilipulizia?" Munyiva alikuwa anasema. "Mtu aniambie. Niko na bomba ya kupulizia mimi? Mmeniona nayo?"

"Unajua unapotoa."

"Natoa mahali kila mtu anatoa. Nendeni kwa kibanda kile kingine, ni kreti ya mtu huyo huyo."

"Kwake maji hayajageuka meupe."

Munyiva aliwaangalia. Akachukua nyanya kubwa, akaifuta kwa aprini, akaiuma. Akaila yote mbele yao pole pole, mbegu zikimshuka kidevuni, wala hakujifuta. Akachukua ya pili, akaila.

"Nikifa mje kunizika na hizo simu zenu," alisema. "Na kesho mkinikuta hapa, mninunulie."

Macho yake yakavuka barabara, yakamwona Gathoni. Hakumwita. Akainama kuokota nyanya zilizoanguka.

Kesho yake Munyiva alikuwa hapo, mzima, na hakuna aliyemnunulia. "Sumu haiui siku moja," Gathoni aliwaambia wenzake.

*

Jumamosi alienda supamaketi, barabara ya Namanga. Huko nyanya zimelala kwa kisahani, zimefungwa na plastiki, na karatasi imebandikwa. Bei ya nyanya sita huko, kwa Munyiva ingekuwa kumi na tano na ile ya mtoto juu. Lakini alilipa na roho nyeupe. Alirudi, akachemsha maji. Safari hii hakuyapoza sana. Aliyamwaga kwa ile beseni yakitoa moshi, akaongeza baridi kidogo tu.

Maji yakageuka meupe. Meupe kuliko Jumanne.

Angesimama hapo afikirie, angeona. Nyanya za mtu mwingine, duka lingine, weupe ule ule, beseni ile ile. Lakini hofu ilikuwa imemjaza mpaka juu, haikuacha mahali pa kufikiria. Yeye aliona kitu kimoja tu: hata huko. Hata kwa plastiki, hata kwa bei hiyo. Alichukua simu, akaegemea mlango, akabonyeza kutuma sauti kwa grupu.

"Wamama, msidhani ukienda supamaketi umepona. Mimi nimetoka huko saa hii. Nimeloweka, na vile naona hapa, ni maziwa..."

Aliongea dakika mbili. Majibu yakaanza kuingia, akayasoma, akajibu. Wengine walimwita mwalimu. Mmoja alisema, Mungu amekutuma kwetu. Aligeuka akitabasamu bado.

Jackie alikuwa amechuchumaa kando ya beseni. Alikuwa anatoa nyanya moja moja, zikidondoka, anaziuma, ananyonya, anarudisha mkono ndani kuchukua nyingine. Gauni lilikuwa limelowa kutoka kifuani mpaka magotini. Maganda mawili yalikuwa chini, na nyanya ya tatu ilikuwa mdomoni.

"Ni tamu, mama," alisema. "Lakini inachoma."

Gathoni alimpokonya, akamfuta mdomo na gauni lile lile. Alimpa maji, akampa maziwa kwa sababu aliwahi kusikia maziwa yanapoza sumu. Nusu saa baadaye mate yalianza kumtoka Jackie, mengi, ya povu. Machozi yakashuka na hakuwa analia. Akatapika, akajikojolea. Ngozi ya karibu na mdomo ikaanza kuruka-ruka yenyewe, kama kuna mdudu chini yake.

Ngigi alikuwa uani anaosha gari. Alisikia mke wake akiita jina lake, na sauti hiyo hakuwa amewahi kuisikia.

*

Hospitali ya serikali walipokelewa na nesi mmoja mrefu, amefunga mtandio, beji yake imeandikwa Fosiya. Alimfungua Jackie jicho moja, akalimulika. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya kalamu.

"Amekula nini?"

"Nyanya, sista. Ni hizi nyanya za dawa. Tumeambia watu."

Fosiya hakumsikiliza. Alikuwa amevaa glavu tayari. "Mvue kila kitu. Maji na sabuni, mwili wote, mpaka nywele. Daktari aitwe, na ile sindano ya kuvunja sumu iletwe hapa." Gauni lilipotoka, alilileta karibu na uso, akanusa mara moja, akalitia kwa mfuko na kuufunga.

"Mko na mbuzi nyumbani?"

"Hatuna. Tunakaa ploti."

"Ng'ombe? Jirani anaogesha ng'ombe?"

"Sista, nimekwambia ni nyanya."

"Mama." Fosiya alikuwa akimshika Jackie mkono, akitafuta mshipa. "Mimi nimezaliwa Garissa, kwa mbuzi mia mbili. Hii harufu nimelala nayo. Hii ni dawa ya kupe. Hakuna mtu anaogesha nyanya kupe."

Ngigi alikuwa amesimama mlangoni, suruali imelowa sabuni ya gari. Gathoni alimwona akiweka mkono kwa ukuta. Halafu akakaa chini kwa sakafu, mwanaume mzima.

"Mtungi," Ngigi alisema.

Daktari alitaka jina la dawa. Ngigi akampigia Bulle pale pale, sauti ikiwa nje, kila mtu akisikia.

"Ngigi, ndugu yangu, nilikwambia si ya kunywa."

"Uliniambia."

"Mmekunywa?"

"Hatujakunywa. Tumeoshea mboga."

Kwa simu, nyuma, mbuzi walikuwa wanalia. "Wewe uliniambia ni ya gari," Bulle alisema. "Wallahi, uliniambia ni ya gari." Halafu akataja dawa, herufi kwa herufi, akisoma kwa mtungi mwingine, na daktari akaandika.

Wakamtuma Ngigi alete ile beseni. Aliileta ndani ya gunia, ameshika kwa mifuko ya plastiki, ameshamwaga maji yote na nyanya zote. Fosiya alitaka kuona. Waliiweka uani, kando ya bomba. Alitoka na birika la maji moto, maji ya hospitali, akayamwaga ndani yakiwa safi kabisa, mtu anaona mpaka chini.

Gathoni alisimama juu yake. Hakukuwa na nyanya. Hakukuwa na sukuma. Hakukuwa na Munyiva.

Ikaanza pale karibu na mkono, kama kijiko cha maziwa kwa chai ya rangi. Ikatambaa. Wakatazama mpaka maji yote yakawa meupe.

"Imejificha kwa mkono," Fosiya alisema. "Huko ndani hakuna mtu anaosha."

Gathoni alianza hesabu ya kijinga kichwani. Alikuwa anahesabu ni mara ngapi alisema jina la Munyiva kwa video. Mara mbili. Na mahali kibanda kiko.

*

Jioni ile ile Jackie alipelekwa Kajiado, hospitali kubwa, na huko alikaa siku sita. Siku mbili za kwanza alipumua na mashine ya hewa, na kila mara sindano iliposhuka nguvu, mate yalirudi. Gathoni alikaa kwa kiti cha mbao, mikono kwa mapaja, akiangalia kifua cha mtoto kikipanda.

"Nilikuambia si ya kunywa," Ngigi alisema siku ya pili.

"Ulisema si ya kunywa. Hukusema ilikuwa na nini."

"Sikuuliza."

"Na mimi sikukuuliza mara ya pili."

Hakukuwa na mahali pa kugombania, kosa lilikuwa limegawanyika katikati kabisa.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama Mmaasai, anauguza mjukuu aliyevunjika mguu. Alikuwa amesikia yote, wodi haina siri. "Yeyo," alimwambia Gathoni, vile mtu anaita mama, "kwetu hiyo mitungi tunaitoboa. Ikiisha tu, unapiga msumari matundu kumi. Hata mwizi akiiba haimsaidii." Akamkatia kipande cha mkate. "Nyinyi wa mjini mnapenda mtungi sana."

Hakusema kwa ubaya. Gathoni aliupokea ule mkate kwa mikono miwili.

Siku ya nne Jackie aliomba uji. Siku ya tano aliuliza beseni iko wapi. Siku ya sita walipotoka, mlangoni kulikuwa na mwanamke anauza matunda kwa karai, na Jackie alipoona nyanya zimepangwa juu alijificha nyuma ya sketi ya mama yake.

*

Kibanda cha Munyiva kilikuwa na makaa. Mikebe minne ya makaa kwa ile meza ya mboga, na yeye nyuma yake, vidole vyeusi. Gathoni alifika saa nne asubuhi, Jackie akiwa mgongoni ingawa ni mkubwa wa kubebwa.

Munyiva aliangalia mtoto kwanza. "Anakula?"

"Anakula."

"Nilisikia. Ni dawa ya kupe."

"Ni dawa ya kupe. Ilikuwa kwa mtungi wetu." Gathoni alikuwa ameyapanga maneno njia yote, sasa hayakuwepo. "Munyiva, nilikukosea. Nisamehe."

"Nikusamehe, halafu? Jana dada yangu amenitumia hiyo video kutoka Kiserian. Ananiuliza kama huyo Munyiva ni mimi. Kiserian, Mama Jackie. Mimi sijawahi kuuza hata kitunguu Kiserian."

"Nimwambie Dolphine aitoe."

"Atoe kwa simu ya nani?" Munyiva alijipangusa mikono, na ikazidi kuwa myeusi. "Siku ile ulikuwa na sauti. Ulisema mpaka mtu wa barabarani akasikia. Iko wapi hiyo sauti? Itafute, uje nayo Jumamosi, watu wakiwa wengi."

Jumamosi akaja. Dolphine alishika simu, safari hii bila maneno, macho chini. Gathoni alisimama mbele ya kibanda, akasema jina lake mwenyewe. Akasema nyanya za Munyiva hazikuwa na kosa, maji yaligeuka meupe kwa sababu ya mtungi, na hata maji matupu yangegeuka. Watu walisimama, mkokoteni wa maji ukasimama.

"Kwa hivyo ni wewe ulitaka kuua mtoto wako mwenyewe?" mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma.

Gathoni alimtafuta kwa macho. Alikuwa mmoja wa wale waliomwita mwalimu.

"Ndio," alisema. "Ni mimi."

Hiyo video ya pili haikufika Kiserian. Haikuvuka hata barabara ya Namanga. Watu kumi na wanne ndio waliifungua kwa grupu ya ploti, na mmoja akauliza kama kuna mtu anauza sofa.

"Nilijua," Munyiva alisema Jumatatu. Alikuwa amerudisha kreti moja ya nyanya, moja tu, kujaribu. "Sasa andika. Wewe ulisoma mpaka darasa la nane, mimi niliishia la nne. Andika niweke hapa, anayesimama kununua asome." Akararua boksi la biskuti, akampa upande ulio safi na kalamu ya wino mzito. "Na usiandike kwamba dawa hakuna. Dawa iko. Ile hadithi yenu ya mkulima wa mtoni si uongo yote. Mimi kuna mmoja niliacha kununua kwake mwezi wa tatu. Nilimwambia, uma hii nione. Akacheka, akasema yeye hali nyanya."

Gathoni alipiga magoti kando ya meza, akaweka boksi juu ya kigoda. Munyiva alikuwa anasema mengine, mengine Gathoni anayaongeza mwenyewe. Jackie alikaa mbali, amegeuza mgongo kwa kreti. Maandishi yalikuwa ya shule, herufi zimesimama wima. Yalikaa pale kona mpaka mvua ikayachukua, akayaandika tena.

USIFANYE HIVI

Usile mboga wala tunda bila kuosha, hata kama limefungwa na plastiki.

Usiloweke halafu uishie hapo. Sugua na mkono, suuza na maji mengine safi. Maji uliyolowekea usirudie.

Usioshe chakula na sabuni ya nguo, wala dawa ya kung'arisha nguo. Chumvi na maji yatosha.

Usile ganda kama linaweza kumenywa. Majani ya nje ya kabeji tupa.

Usiamini kuosha kunatoa yote. Nyingine iko ndani.

Usinunue kwa mtu ambaye hawezi kuuma kitu anachokuuzia.

Usichukue mtungi ambao hujui ulikuwa na nini. Wa dawa ya kupe au ya shamba, hata ukioshwa mara mia, toboa.

Ukiambiwa si wa kunywa, usifikiri umeambiwa ni wa kuosha.

Usiache mtoto karibu na beseni ukishika simu.

Usitaje jina la mtu kabla hujajaribu maji matupu.

Ukiona mate, machozi, mtoto anatetemeka, usimpe maziwa, usingoje baba arudi. Vua nguo, osha mwili, kimbia hospitali, beba na jina la dawa.

Ukiona maji meupe usipige video. Toa mtoto hapo kwanza.